Mwaka Niliofuta Majina

Habari za kifo cha Mwalimu Bukuru nilizipata sokoni Kibondo, nikiwa nimeinama kuchagua maharage, kutoka kwa mwanamke wa Mabamba, kule mpakani, ambaye hakujua kwamba ananipa msiba. Alikuwa akimsimulia mwenzake juu ya mazishi aliyohudhuria ng'ambo, upande wa Burundi, ya mzee mmoja mwalimu, yule Mtanzania, alisema, yule aliyekuwa akisimulia habari za kwao Kasulu mpaka watu wakamchoka. "Bukuru wa vitabu," akamaliza, na wakacheka kidogo, kicheko cha kawaida tu cha watu waliotoka kuzika mtu aliyefikia umri wa kufa. Nikaacha maharage. Ningependa kuandika hapa kwamba nililia, lakini sikulia, nilikasirika. Nilikikasirikia kile kicheko, nikamkasirikia muuza maharage aliyeniuliza kama nachukua au sichukui, nikafika nyumbani nikaikasirikia hata sufuria. Watu wa hapa Kibondo wanaonijua, mwalimu mstaafu mwenye ulimi mkali, wanadhani hasira hii nimezaliwa nayo. Sikuzaliwa nayo. Ina mwaka wake na ina chumba chake, na katika watu ninaowakasirikia, wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama zangu hazikutosha kunipeleka popote, basi nikapata kibarua katika shule ya zamani ya misheni, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Asubuhi nilifagia madarasa mawili ya watoto wadogo na kuwasimamia wasiumizane, na mchana nilimsaidia Mwalimu Bukuru katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya misheni. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kina dirisha moja linalotazama magharibi, kuta za matofali ya kuchoma zilizopakwa chokaa, na kabati la mninga lililokaribia kugusa dari. Mvua ikinyesha juu ya mabati tulikuwa tunaongea kwa ishara. Ndani ya kabati mlikuwa na vitabu vya watoto peke yake: vya kusomea vya Kiswahili vilivyoshonwa kwa uzi, vya sungura na fisi, vya alfabeti, vya hadithi za Biblia zenye picha, na rafu nzima ya vitabu vya Kizungu vilivyoachwa na familia za wamisionari wakati watoto wao walipokua wakarudi kwao. Vitabu vya wakubwa vilishaliwa na mchwa au vilishaibwa. Hivi vya watoto hakuna aliyeona maana ya kuviiba, na ndiyo maana vilipona.

Mwalimu Bukuru alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na vile vitabu alivijua kama mtu anavyojua mbuzi wake. Kazi yetu ilikuwa kuviorodhesha: jina la kitabu, hali yake, na umri wake. Hapo kwenye umri ndipo tulipokuwa tunagombana kila siku. Mimi nilikuwa nafungua ukurasa wa kwanza kutafuta mwaka, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, naye alikuwa ananigonga vidole kwa rula. "Usinitajie mwaka, Skola. Niambie unaona nini." Nikimjibu kwamba naona mwaka umeandikwa hapo, alikuwa anaguna. Mpigachapa, alisema, anaweza kurudia kitabu miaka ishirini bila kugusa ukurasa ule, na vingine havikuwekwa mwaka makusudi, ili dukani vionekane vipya daima. Basi tulikuwa tunakigeuza kitabu na kuanzia nyuma. Bei ikiwa ya rupia na hela, hicho ni cha enzi za Wajerumani. Ikiwa ya shilingi na senti, Mwingereza ameshafika. Kama nyuma pana orodha ya vitabu vingine vya mchapaji huyohuyo, tulitafuta katika orodha hiyo kitabu kichanga kuliko vyote, maana hiki tulichokishika hakiwezi kuwa kimechapwa kabla yake. Karatasi nyembamba ya kijivu, inayokatika ukiikunja, ni ya miaka ya vita, viwanda vilipoishiwa. Pini zenye kutu zilimwambia jambo moja na uzi jambo jingine. Kwenye picha alinifundisha kutazama ukingo wa rangi: ikiwa nyekundu ya koti imemwagikia nje ya mstari, aliipaka binadamu kwa brashi, moja moja, na kitabu hicho ni mzee sana.

Alifundisha kwa mpangilio, kutoka nje kwenda ndani, na hakuruka hatua hata ungemwambia nyumba inaungua. Gamba, mgongo, uzi, bei, orodha, karatasi, picha. Mpaka mvua kubwa zinakatika tulikuwa tumefika kwenye picha. Somo la mwisho, aliniambia, lilikuwa maandishi ya watoto wenyewe, yale majina ya penseli na wino waliyoyaandika ndani ya gamba, na hilo alilibakiza kwa sababu alilipenda kuliko yote. "Hayo tutayafikia," alisema. Hatukuyafikia. Ninapokumbuka mpangilio ule uliotuponza ninamkasirikia hata yeye, marehemu, na sioni aibu kusema hivyo.

Sasa nieleze jambo ambalo waliosoma shule za msingi za huku wakati wangu watalielewa haraka. Vitabu vilikuwa vya shule, na kimoja kilisomwa na watoto watatu. Mwanzo wa mwaka mliandika majina yenu kwa penseli ndani ya gamba la nyuma, ili kikipotea ijulikane nani achapwe. Wiki ya mwisho ya mwaka ilikuwa wiki ya kufuta. Kila mtoto alikuja na kipande cha soli ya kandambili na kijiko cha chai. Soli ilifuta penseli bila kuchana karatasi, ukijua kuisugua kwa duara ndogo na kupuliza vumbi lake, halafu mgongo wa kijiko ulilaza ule mfereji ambao penseli imeuchimba. Mwalimu wa zamu alipita akipapasa kila gamba kwa kidole gumba. Kidole kikihisi jina, mlikula viboko watatu kwa pamoja. Nilikuwa bingwa wa kufuta. Watoto wa madarasa ya juu waliniletea vyao, nami navifuta huku wamenizunguka, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo shuleni. Nilikua nikiamini, kama wenzangu wote, kwamba jina ndani ya kitabu ni uchafu na kwamba mtoto mwenye adabu haachi alama kwamba alipita. Watoto wa misheni wa zamani hawakufutishwa. Vitabu vyao vilijaa majina mpaka pembeni, nami kila nilipofungua gamba vidole vilikuwa vinaniwasha.

Kuanzia kati ya mwaka tulianza kutembelewa na Bwana Elibariki. Huyu alikuwa afisa wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, mtu mnene, mcheshi, mwenye Kiswahili laini na viatu visivyoshika vumbi la Kasulu, sijui alifanyaje. Alikuwa anajua vitabu, siwezi kumnyima hilo. Alitambua picha za kupakwa kwa mkono akiwa bado mlangoni. Aliwajua watu huko Ulaya wanaokusanya vitabu vya watoto vya zamani, watu wazima wenye makabati ya vioo, na alikuwa akiwapelekea, na misheni, ambayo mabati yake yalikuwa yanavuja, ilimruhusu achague. Mwalimu hakupenda, ila alikuwa mtu wa kutii. Adhuhuri walikula pamoja mle chumbani, ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, nami nikiosha vyombo nje niliwasikia kupitia mlango ambao haukuwahi kufunga vizuri. "Mwalimu, kichwa kama hiki kinaozea huku kwa nini?" Bwana Elibariki alisema. Mwalimu akajibu, "Huku ndiko kwetu, bwana." Kisha nikasikia sauti ya yule mgeni imeshuka, imekuwa ya kirafiki. "Ndiyo. Lakini si unajua watu wanavyosema kuhusu jina lako." Nilimsikia Mwalimu anatafuta mwiba wa samaki mdomoni, taratibu, kwa muda mrefu mno.

Watu walikuwa wanasema nini, kila mtu Kasulu alijua. Mpaka uko karibu, majina ya Kiha na ya Kirundi ni yaleyale, mama yake Mwalimu aliolewa kutoka ng'ambo, na mwaka ule wakimbizi walikuwa wengi na hofu ilikuwa nyingi. Watu walikuwa wanaitwa kuulizwa asili yao. Wengine waliitwa kwa sababu ya kweli na wengine kwa sababu jirani alitaka shamba. Mwezi wa nane barua ikamfikia Mwalimu: aje mbele ya kamati aonyeshe kwamba baba yake alikuwa mtu wa huku. Aliisoma amesimama dirishani, akaikunja mara nne, akaniambia anakwenda Heru kutafuta wazee waliomjua baba yake, atarudi baada ya siku chache. Aliondoka bila kufunga kabati. Hakuwa mtu wa kufunga kabati mbele yangu, aliniamini.

Siku ya pili ya safari yake Bwana Elibariki akaja na masanduku mawili ya mbao. Alichagua vitabu kama thelathini, akavipanga mezani, kisha akafungua kimoja na kunyoosha midomo kama aliyeonja maziwa yaliyoharibika. "Ona, binti. Kitabu kizuri, picha nzuri, halafu makinda haya yamechorachora humu. Mnunuzi anataka kitabu kisafi. Kisafi kabisa, kama hakijaguswa na mtoto." Leo ninaandika sentensi hiyo na kalamu inataka kutoboa karatasi. Kitabu cha mtoto ambacho mtoto hajakigusa! Ni cha nini basi? Kimechapwa kwa ajili ya nani? Lakini siku ile nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba hatimaye kuna mtu mkubwa anayehitaji kitu ninachokijua. Nikamwambia, "Mimi naweza kuvifuta, bwana, na hata alama haitabaki." Akacheka, akasema nikifanya vizuri ataniandikia barua ya kunipeleka chuo cha ualimu, kuna mtu anamfahamu huko. Nikakata kandambili yangu mwenyewe ya mguu wa kushoto.

Nilifuta siku mbili. Wino ulinishinda, na hivyo vya wino akavirudisha kabatini kwa uchungu. Vya penseli vilitoka vyote. Nilikuwa nasoma kila jina kabla sijalifuta, tabia niliyotoka nayo shuleni, na mengi nimeyasahau, lakini moja sijalisahau na sitalisahau. Lilikuwa ndani ya gamba la nyuma la kitabu kidogo cha kusomea cha Kiswahili, kilichochanika ukurasa wa mbele. *Yeremia Ntahondi. Darasa la pili. Kasulu.* Chini yake palikuwa na mwaka, wa kabla ya vita kuu ya pili, na tarakimu zake zilikuwa na mikia mirefu kama zilivyofundishwa zamani. Ulikuwa mwandiko mzuri kuliko yote, umekandamizwa kwa nguvu ya mtoto anayejivunia kujua kuandika. Kwa sababu ulikandamizwa sana niliutilia bidii ya pekee. Kijiko nilikipitisha zaidi ya mara ishirini, mpaka gamba likateleza chini ya kidole. Sikujua Yeremia ni nani. Mwalimu alimtaja baba yake kwa neno "mzee" tu, na mimi, katika miezi yote ile ya kuulizwa ninaona nini, sikuwahi kumuuliza mzee huyo aliitwaje.

Jioni ya siku ya pili Bwana Elibariki akavipitia. Alikipata kile kitabu kidogo, akakigeuza, akaona hakina ukurasa wa mbele. "Hiki hapana. Kilema." Akakirusha mezani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilikifuta kwa ajili ya mtu ambaye hata hakukitaka.

Mwalimu alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wazee aliowatafuta wawili walikuwa wamekufa na wa tatu hakumtambua hata mwanawe aliyekuwa akimlisha. Lakini hakuonekana kuvunjika. Alikunywa chai, akaniambia, "Bado kuna kitabu." Ndipo kwa mara ya kwanza akanisimulia kwamba baba yake alisoma katika shule hiihii, na kwamba kuna kitabu mle kabatini kina jina lake, na darasa, na mwaka. Alikigundua akiwa mwalimu kijana. Hakuwahi kukipeleka nyumbani kwa sababu ni mali ya shule. Hakuwahi kumwonyesha mtu, kwa sababu, alisema, kuonyesha ni kama kukiri kwamba kuna swali. Akainuka, akakipata kwa kuangalia mgongo tu, akakifunga kwenye gazeti bila kukifungua. Bila kukifungua! Alikuwa na hakika nacho. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Niliuliza, "Mzee aliitwa nani, Mwalimu?" Akanijibu kwa furaha. Nilikuwa na siku tatu za kumwambia kabla ya kamati, na kila siku nilimpikia chai, na kila siku sikusema. Nilijiambia labda sikufuta vizuri, na labda alama imebaki. Mimi, bingwa wa kufuta, nikaomba Mungu nionekane nimefanya kazi mbovu.

Kamati ilikaa katika ofisi ya kata, chumba chenye benchi mbili na harufu ya mafuta ya taa. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja mwenye kikohozi, na pembeni yake, kwa sababu alikuwa afisa na walihitaji wa kuandika, alikaa Bwana Elibariki na kalamu yake. Niliitwa kushuhudia kwamba kitabu kimetoka kwenye kabati la shule na si mahali pengine. Nje, kabla hatujaingia, wajumbe wawili walikuwa wanatafuna mahindi ya kuchoma na mmoja akasema bila hata kushusha sauti, "Huyu jina lake tu linatosha, tunapoteza mchana." Na bado Mwalimu alifundisha siku ile kama sijawahi kumwona akifundisha. Alikifungua kitabu mbele yao, akaanzia nyuma kwenda mbele. Aliwaonyesha bei ya senti, akawaambia kwa hiyo Mjerumani ameshaondoka. Aliwaonyesha orodha, akakitaja kitabu kichanga katika orodha hiyo na mwaka wake. Aliwapa karatasi waishike, nene, nyeupe, kwa hiyo vita havijaanza. "Mpaka hapa wazee wangu," alisema, "kitabu chenyewe kimeshasema ni cha miaka gani, hata kabla sijawaonyesha nani alikishika." Mwenyekiti alikuwa ameinama mbele. Nakuapia msomaji, wale watu walikuwa wameanza kumwamini. Kisha akafungua gamba la nyuma na kuwageuzia bila kuangalia mwenyewe.

"Hapa hapana kitu, Mwalimu," mwenyekiti alisema.

Mwalimu akakigeuza. Akakitazama. Akasogea dirishani, akakilaza ili mwanga upite juu ya gamba kwa ubavu, kwa maana penseli hata ikifutwa huacha mfereji. Akapitisha kidole gumba. Nilikijua kile kidole kinahisi nini. Kinahisi utelezi, utelezi wa kijiko. Alikuwa ametugeuzia mgongo, na nilipomwona mabega yanashuka nikajua ameshaelewa kila kitu, kwa sababu alikuwa amenisikia mara kumi nikijisifu juu ya wiki ya kufuta, tukicheka.

"Binti," mwenyekiti akaniambia, "wewe unafanya kazi na vitabu hivi. Ulishawahi kuona jina humu?"

Bwana Elibariki aliacha kuandika. Hakunikonyeza wala hakunitisha. Aliniangalia tu kwa upole, na upole huo ulikuwa na barua ya chuo ndani yake. Nikasema, "Sikumbuki." Neno moja. Nimefundisha watoto maelfu tangu siku hiyo, nimewaadhibu kwa kudanganya kuhusu penseli zilizopotea, na sijawahi kusikia uongo wa kijinga kama ule. Mwenyekiti alitaka kuendelea kuniuliza, nadhani sauti yangu ilimtia shaka. Lakini Mwalimu aligeuka na kusema, "Muache mtoto. Huenda nimechanganya vitabu. Viko vingi." Akafunga kitabu, akakirudisha kwenye gazeti, akaomba radhi kwa kuwapotezea muda. Alinisitiri mbele ya watu wale, na kwa kunisitiri akajimaliza yeye mwenyewe. Bwana Elibariki akainama akaandika kwamba mhusika amekiri kutokuwa na ushahidi.

Mwalimu aliamriwa aondoke nchini, akavuka Mabamba kabla ya Krismasi, na mke wake, na watoto wawili wadogo. Sikwenda kumuaga. Barua ya chuo ilifika mwezi wa kwanza, na nikaenda. Nataka isomeke hivyo, bila kupakwa mafuta: nikaenda. Ualimu wangu wote, nyumba hii, pensheni hii, vimetoka pale. Bwana Elibariki alihamishwa akapanda cheo. Miaka hii binti yangu amenionyesha kwenye simu jinsi vitabu vya namna ile vinavyouzwa, picha zake, maelezo yake, na pale muuzaji anapotaka kukisifu kitabu husema ni kisafi, hakina maandishi ya mtoto. Anatarajia nishangae bei. Mimi natazama gamba la ndani jeupe na najiuliza alikuwa nani, na nani alitumwa kumfuta, na huyo aliyetumwa aliahidiwa nini.

Wiki moja baada ya kusikia habari pale sokoni nilikwenda Mabamba. Yule mwanamke wa Mabamba nilimtafuta tena sokoni, akaniambia kwamba mmoja wa watoto wa marehemu, Jeneroza, yuko upande wetu, anauza mawese karibu na njia ya kuvukia. Nilimkuta. Ni mwanamke wa miaka karibu arobaini, mfupi, mkavu, na nilipomwona anavyosimama sikuhitaji kuuliza. Alizaliwa ng'ambo baada ya kuhama kwao. Vurugu zilipotokea huko alikimbilia huku, akapewa kadi ya mkimbizi, akakaa Mtendeli mpaka kambi ilipofungwa. Mjukuu wa Yeremia Ntahondi, mkimbizi, mwendo wa nusu siku tu kwa gari kutoka shule aliyosoma babu yake. Alinisimulia hayo bila uchungu, akimimina mawese kwa mrija kwenye chupa, akidhani nimekuja kutoa pole na kwenda zangu. Nikampa pole. Kisha nikamwambia yote, kuanzia kandambili mpaka "sikumbuki." Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitamtwisha mzigo huo wa kunisamehe.

Hakuacha kumimina mpaka chupa ikajaa. Aliifunga, akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua simu, akapiga. Aliongea Kirundi upesi, nikasikia "mama" na nikasikia "igitabu." Kisha akaninyooshea simu. "Sema wewe mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi kumwambia."

"Mwakeye, mama," nikamsalimu.

"Ego," sauti ya kizee ikajibu. "Huyu anasema wewe ulikiona kile kitabu. Cha Kasulu."

"Nilikiona, mama."

"Jina la baba mkwe lilikuwamo?"

"Lilikuwamo. Na darasa lilikuwamo. Na mwaka. Nililifuta mimi kwa mkono wangu, halafu nikakana."

Nilisikia kuku upande wa pili, na mtu akitwanga. Sauti iliporudi haikuwa na hasira, na hilo ndilo ambalo bado silivumilii. "Yoo, Mana yanje, Mungu wangu. Kila alipokianza kile kitabu mimi nilimwambia nyamaza. Mbele ya watoto. Nilimwambia wewe ni mwongo, kungekuwa kwenu wasingekutoa. Hata alipolala kitandani hawezi kumeza uji, akaanza tena, kitabu, kitabu, nikamwambia Bukuru, ufe na uongo wako basi. Akanyamaza. Hakusema tena mpaka alipokufa."

Jeneroza alikuwa amenipa mgongo, anahesabu vizibo ambavyo alikwishavihesabu.

"Usikate simu," mama yule akasema. Nikamsikia anaita watu kutoka uani, majina mengi, ya wana na ya wajukuu, anawafokea waache kutwanga waje wakae. Vishindo vya miguu, mkeka, mtoto analia akanyamazishwa. "Haya. Wako wote. Sema tena ulivyosema, upaze sauti, wasikie wote kwamba hakuwa mwongo."

Nikapaza sauti, watu wa njiani wakageuka kunitazama, na nikaanza kwa kuwatajia jina langu kamili.